Aliyesugua Mikono ya Ejoku

Siku Ejoku alipoomba kijiko ili ale ugali, Akwii alijua kuna mwanamke.

Hakuambiwa na mtu. Mume aliyezaliwa Adungosi, aliyekaa miaka yote ya ndoa akimega tonge la ugali unaofuka moshi bila hata kulipuliza, leo anaketi mezani na kusema bila haya, "Mama Cindy, nipatie kijiko." Ugali! Kwa kijiko! Akwii alimtazama kama mgeni aliyekosea nyumba. Kisha akaenda jikoni, akakileta hicho kijiko na kukiweka mezani kwa kishindo.

"Nani amekufundisha hii?"

"Mikono iko na grisi," Ejoku akasema.

Mikono ilikuwa safi. Akwii mwenyewe alikuwa amemmiminia maji ya kunawa.

Dalili ya mvua ni mawingu, na mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya zamani. Kwanza zilikwisha sigara. Akwii alikuwa amezipiga vita sigara hizo tangu arusi: alisali, aliomba, alinuna, na mara moja alitumbukiza pakiti nzima katika maji ya kuoshea vyombo. Hakufaulu. Kisha jioni moja tu Ejoku akaingia nyumbani, akasema, "Nimeacha fegi." Akwii akauliza, "Nani amekuambia uache?" "Nimeacha tu." Mwanamume haachi tu, Akwii akajiambia. Baada ya sigara zikaja glavu, glavu nene za ngozi, ambazo alizivaa mpaka juu ya bodaboda akirudi nyumbani, kana kwamba Teso Kusini imeota barafu. Halafu akaacha ajono, pombe ya wimbi. Jumapili alasiri, wanaume wenzake wakizunguka chungu kwa Mzee Odeke, kila mmoja na mrija wake mrefu, kigoda cha Ejoku kilikaa kitupu. Alisema tumbo. Na yale mashati ya vifungo ambayo Akwii alimpigia pasi kwa mapenzi yakabaki yananing'inia. Bwana siku hizi alivaa fulana tu, kama kijana.

Ukiangalia vizuri, ni mambo mema hayo. Mume ameacha moshi, amepunguza pombe, anatunza mikono. Mke mwingine angetoa sadaka ya shukrani. Lakini hicho ndicho kilichomchoma Akwii: yale aliyoyaomba kwa magoti yalikuwa yametimia, na si yeye aliyeyatimiza.

Wala usimcheke. Wivu wa Akwii haukuwa wa kuokota barabarani. Mikono ile ilikuwa mahari yake.

Ejoku alipokuja kuposa, ng'ombe wa kwao walikuwa wamekwisha kwa maradhi. Wajomba wa Akwii waliuliza wageni wameleta nini, na watu wa Ejoku wakatazama chini. Ndipo kijana mwenyewe akasimama, akainyoosha mikono yake miwili mbele ya wazee, akasema, "Ng'ombe zangu ni hizi. Mtanivumilia, nitaleta moja moja." Wazee walicheka hadi wakakohoa. Lakini kweli akawaleta, ng'ombe mmoja baada ya mwingine, kwa miaka, wote kwa kupiga grainda, ile mashine ya kulainisha chuma. Tangu hapo Akwii hakuacha kuisifu mikono hiyo. Dereva akiketi kwenye kibanda chake cha chai pale Malaba na kusifu trela yake ilivyotengenezwa, Akwii alimwongezea chai na kusema, "Hiyo ni kazi ya ng'ombe wangu." Kibanda kizima kilijua maana yake.

Yadi ya magari ilikuwa hatua chache kutoka kibandani, mali ya Mama Petronilla. Malori yaliyosubiri kuvuka kwenda Uganda yaliletwa humo na trela zilizopasuka, zilizoliwa na kutu. Omoding alichomelea, Ejoku akalainisha kwa grainda kubwa. Na katika yadi ile kulikuwa na desturi isiyoandikwa: mashine ina mwenyewe. Grainda ya Ejoku haikuguswa na mtu mwingine. Aliutoa ule mpini wa pembeni ili iingie kwenye kona, akatumia diski mpaka zikawa vipande, maana kwenda Busia kuchukua nyingine kulipoteza nusu siku na dereva hakai kusubiri. Kutoka asubuhi hadi jioni mashine ililia na yeye akatetemeka nayo. Usiku, kitandani, mikono bado ilikuwa ikivuma kama mzinga wa nyuki. Akwii aliizoea sauti hiyo isiyosikika. Aliipenda hata.

Kisha akaja Nerima.

Alitoka Bumala, amevaa ovaroli ya kiume na kitambaa cha manjano kichwani, mfupi, mpana, na kicheko cha kutoa kuku shambani. Mama Petronilla alimwandika kwa sababu kazi ilizidi. Akwii alipomwona mara ya kwanza alimkagua kuanzia utosi hadi viatu, akaridhika kwamba si mzuri. Baadaye hilo nalo lilimuuma zaidi. Mwanamke mzuri, angalau ungesema mume amerogwa na macho. Huyu alimvuta na nini?

Perez, aliyeuza maparachichi karibu na kibanda, ndiye aliyeleta moto kwenye majani makavu. Ulimi wa Perez haukuwahi kulala njaa.

"Wee Akwii, unajua yule mrembo wa Bumala?"

"Si mrembo."

"Haya, yule si-mrembo wa Bumala. Nasikia asubuhi, mvua ikinyesha, yeye hushika mzee yako mikono. Anasugua. Anapuliza. Mimi sisemi kitu, dada. Mimi nauza avokado tu."

Akwii akaendelea kukanda unga wa chapati. Aliukanda mpaka ukawa mgumu kama raba, na wateja wa siku hiyo walitafuna sana.

Asubuhi iliyofuata mvua ilinyesha tangu alfajiri. Akwii alimwachia Perez birika, akajifunika leso, akaenda kusimama nyuma ya ukuta wa mabati wa yadi, mahali palipokuwa na tundu. Akaweka jicho.

Ejoku alikuwa ameketi juu ya tairi kuukuu, glavu zake ziko magotini. Nerima alikuwa amechuchumaa mbele yake, ameikamata mikono yote miwili, anaisugua kati ya viganja vyake, huku anasema maneno ambayo mvua juu ya mabati iliyameza. Na Ejoku alikuwa anamsikiliza. Hapo ndipo moyo wa Akwii ulipopasuka. Mume ambaye nyumbani hujibu kwa kuguna, pale alikuwa ameinua uso kama mtoto wa komunyo, anasikiliza.

Kama Akwii angetazama vidole, angeona jinsi vilivyokuwa vyeupe kama muhogo uliomenywa. Lakini mwenye wivu hutazama nyuso. Alitazama uso wa mumewe mpaka machozi yakamzuia, kisha akarudi kwa chai yake.

Mama Petronilla na Akwii walisali katika jumuiya moja. Na kila mtu katika jumuiya alijua habari ya mume wa Mama Petronilla, aliyevuka kwenda Tororo kutafuta vipuri akabaki huko na muuza vipuri. Akwii alijua pa kubonyeza. Baada ya rozari, wenzao wakikunja viti, alimsogelea.

"Mama, mimi sisemi. Lakini watu wanasema, na hiyo yadi ni yako."

"Wanasema nini?"

"Kuhusu huyo msichana wa ovaroli. Na wanaume za watu."

"Kwa yadi yangu?" Uso wa Mama Petronilla ukafunga kama duka siku ya maandamano.

Haukuwa uongo. Akwii alijisifu kwa hilo njia yote hadi Adungosi: hakusema uongo hata neno moja.

Kesho yake Nerima aliambiwa kazi imepungua, ingawa trela zilikuwa zimepanga mstari hadi barabarani. Alipita kibandani na mfuko wake begani, akanywa chai akiwa amesimama. Alipomaliza alirudisha kikombe kwa mikono miwili.

"Mama Cindy, si ndio? Mwambie mzee asikaze ile mashine. Aishike kama kifaranga. Kisitoroke, na kisikufe. Na asipige peke yake siku yote, tafadhali. Mwambie."

Kifaranga! Akwii aliona giza. Ati hata kwenye kibanda changu, mbele ya jiko langu, ananipa salamu za mapenzi nimpelekee mume wangu? Alifuta mahali kikombe kilipokuwa. Hakumwambia Ejoku kitu.

Usiku ule alilala usingizi wa mshindi. Ejoku alirudi, akala kwa kijiko chake, akanyamaza. Akae anyamaze, Akwii akasema moyoni, maombolezo yana mwisho. Lakini siku zilienda na maombolezo hayakwisha. Sigara zikarudi. Mvua za Aprili zilizidi, malori yakazidi, na Ejoku akapiga grainda peke yake kutoka gizani hadi gizani, kwa maana mashine ilikuwa imerudi kuwa na mwenyewe mmoja. Alikuwa akifika nyumbani amekunja mikono kwapani kama anayeficha kuku wa wizi.

Usiku mmoja, chini ya blanketi, Akwii aliushika mkono wake. Tangu ujana wao walikuwa na ishara yao: yeye huminya vidole, naye Ejoku huminya akijibu, hata kama wamegombana, hata kama hawasemeshani. Akaminya. Akangoja. Akaminya tena kwa nguvu zaidi. Mkono wa Ejoku ulilala katika mkono wake kama wa mtu mwingine, na Ejoku hakuwa amelala, Akwii alisikia anavyopumua.

Bado anamkumbuka, Akwii akafikiri. Akageukia ukutani na kuumwa na wivu hadi jogoo la kwanza, wivu mchungu kuliko ule wa kwanza, kwa sababu sasa mwanamke mwenyewe hakuwepo hata wa kumchukia vizuri.

Mambo yalifunuka siku ya gulio, asubuhi yenye mvua na wateja wengi. Ejoku alipitia kibandani kunywa chai kabla ya kazi. Akwii alikuwa na chapati mkono huu na chenji mkono huu, na sufuria ya maharagwe ikaanza kufurika juu ya jiko.

"Baba Cindy, hiyo sufuria! Toa!"

Alimaanisha achukue kitambaa, kama mtu yeyote angefanya. Ejoku alinyoosha mikono mitupu, akaishika sufuria kwa ukingo wake, akainyanyua kutoka motoni. Hakuitupa. Alitembea nayo, taratibu, akizunguka miguu ya wateja, mpaka kwenye meza.

"Hapa?" akauliza.

Harufu ndiyo iliyofika kwanza. Haikuwa ya maharagwe. Akwii aliuangalia mkono wa mumewe, kisha uso wake, na uso ule ulikuwa umetulia kabisa, na tabasamu dogo la mtu anayengoja kuambiwa asante.

"Ejoku!" Hakumwita kwa jina la mtoto. "Ejoku, mkono! Unaungua!"

Ndipo akatazama. Aliuachilia ukingo wa sufuria, na ngozi ya vidole viwili ikabaki pale. Akavitazama vidole kama mtu anayeonyeshwa mali iliyopotea ya jirani. Hakupiga kelele. Akwii ndiye aliyepiga kelele kwa niaba yake, akamwaga ndoo nzima ya maji juu ya mikono hiyo, akamwita Perez, akawaita watakatifu.

Kwenye kliniki daktari alimfunga vidonda, kisha akamwambia afumbe macho. Akamchoma ncha ya pini kidole kimoja kimoja. "Unasikia?" Kidole gumba alisikia. Cha shahada kidogo. Kuanzia hapo Ejoku alikaa amefumba macho akingoja pini ambayo tayari ilikuwa imeshamchoma. Akwii alikuwa amesimama pale, anaona kila kitu.

"Hii ni mashine," daktari akasema. "Ule mtetemeko umeharibu mishipa. Ukiendelea hivi, mzee, usahau kufunga vifungo."

Mashati. Akwii akakumbuka mashati yanayoning'inia.

Walikaa nje kwenye benchi wakingoja mvua ikatike. Alipofungua mdomo, swali lililotoka halikuwa la vidole.

"Yule alijua?"

"Nerima? Alijua siku ya kwanza. Aliona nikishika spana inaanguka. Yeye pia zake ziko hivyo, alipiga mashine ya kupasua mawe miaka mingi. Aliniambia niache fegi, zinafunga damu. Alileta glavu, ati mikono ikipata baridi inakufa haraka. Tukawa tunapokezana mashine, yeye kidogo, mimi kidogo. Akarudisha ule mpini, akatupa diski zimekatika. Nilikuwa nimeanza kusikia."

"Na ajono?"

"Mrija ulianguka, Mama Cindy. Mara mbili, mbele ya wazee. Mzee Odeke akaniuliza kama nimelewa kabla sijakunywa. Ningerudi vipi?"

Lilikuwa limebaki swali moja, na ndilo lililokuwa limemkaa kooni kama mfupa wa samaki.

"Na mimi je? Mimi mke wako. Mtu wa Bumala unamwambia, na mimi unaniomba kijiko?"

Ejoku aliiweka mikono yake iliyofungwa bendeji juu ya magoti.

"Wewe kila siku unaambia watu hizi ni ng'ombe zako. Nilileta hizi kwa baba yako, sikuleta kitu ingine. Sasa nianzie wapi kukwambia ng'ombe wanakufa?"

Mficha maradhi, kifo humuumbua, walisema wazee. Lakini wazee hawakusema kitu juu ya mke aliyesifu ugonjwa mpaka ukaona haya kujitokeza. Akwii alilia pale pale kwenye benchi, bila leso.

"Ni mimi nilimfukuzisha," akasema. "Nilienda kwa Mama Petronilla."

"Najua. Mama mwenyewe aliniambia."

"Ulijua na ukanyamaza?"

"Ningemtetea Nerima, ningesema nini? Ningeanza na vidole."

Basi hao walikuwa wawili: mmoja alikuwa tayari kupoteza mikono kuliko kusema, mwingine alikuwa tayari kufukuza mtu kuliko kuuliza. Walifaana.

Akwii alikwenda Bumala siku iliyofuata. Hakumwambia Perez.

Alimkuta Nerima kwenye kibanda cha kutengenezea mageti karibu na njia panda, peke yake, kitambaa cha manjano kichwani, amejiinamia juu ya geti na grainda inalia. Akwii alisimama angoje mashine inyamaze. Haikunyamaza. Akwii alikohoa, akaita, akapunga mkono, na mashine ikaendelea, na mabega ya mwanamke yule yalitetemeka nayo vile vile alivyotetemeka Ejoku. Mwishowe Akwii alifuata waya hadi ukutani akachomoa plagi.

"Nani amezima?"

"Mimi."

Nerima aliinua miwani. Hakucheka. "Kumbe ni mama wa chai. Ulimpa mzee ile salamu ya kifaranga?"

"Sikumpa."

"Kwa nini?"

Akwii alikuwa amejiandalia maneno mazuri njiani, ya msamaha na ya dini. Yote yalimtoroka.

"Nilikuonea wivu. Hata sasa nakuonea."

"Mimi? Na hii ovaroli?" Sasa akacheka, kicheko chake cha kutoa kuku shambani, lakini kikakatika upesi. Aliivua glavu akamwonyesha. Vidole vitatu vilikuwa vimekufa hadi katikati, vyeupe, na mpaka wake umechorwa kama soksi. "Mama, mimi sikukuibia bwana. Nilikuwa nimepata mtu wa kupokezana mashine. Mimi nasugua yake, yeye anasugua yangu, kazi inaenda. Hapa niko peke yangu. Unafikiri mimi nafurahia?"

Yeye anasugua yangu. Hilo Akwii hakuwa amelijua. Lilipita kwenye koo lake polepole, likashuka kama dawa ya minyoo, lakini likashuka.

"Ejoku ameungua," akasema. "Alishika sufuria ya moto na hakujua. Rudi, tafadhali."

"Nirudi mahali niliitwa malaya?"

"Hakuna mtu alikuita hivyo."

"Mama."

"Sawa. Mimi ndiye nilifanya waseme. Nitaenda kusema tena, kwa mdomo ule ule."

Nerima aliminya vidole vyake kimoja kimoja.

"Na ukirudi, mimi nitakuwa nakaa humo humo yadi," Akwii akaongeza haraka, kwa kuwa alikuwa mwaminifu sasa na alitaka amalize uaminifu wote mara moja. "Nitahamisha kibanda. Niwe nawaona."

"Kaa. Lakini ukikaa usikae bure. Ile mashine ikishalia, mtu hajui muda umeenda. Anasema bado kidogo, bado kidogo, mpaka jioni. Wewe utatuambia zamu imeisha. Unaweza?"

"Mimi?" Akwii akasema. "Kuwatenganisha nyinyi wawili? Hiyo naweza."

Alisema kama alivyoahidi, baada ya rozari, mbele ya masikio yale yale, na ilikuwa chungu kuliko mwarobaini. Mama Petronilla alimsikiliza hadi mwisho bila kumsaidia kwa neno hata moja. Kisha akaenda yadini akaweka sheria: mpini wa pembeni hautolewi, diski iliyokatika inatupwa, na mashine haina mwenyewe tena. Omoding naye angejifunza.

"Mimi ni fundi wa kuchomelea!" Omoding alilalamika.

"Na mikono je, uko nayo ama huna?" Mama Petronilla akamuuliza, na hayo yakaisha.

Vidonda vya Ejoku vilipofunga, kibanda cha chai kilikuwa tayari kimesimama ndani ya ukuta wa mabati. Kando yake ilining'inia ringi kuukuu ya lori, na Akwii aliigonga kwa spana kila zamu ilipokwisha. Hakukosea. Saa hukosea betri ikilegea. Mwanamke anayemlinda mumewe na mwanamke mwingine hakosei. Madereva walilalamika. "Mama, mbona watu wako wanapumzika kila saa? Mimi nataka kuvuka!" Akwii alimmiminia dereva chai. "Lori yako iko na spea, boss. Hii mikono haina." Kazi ilichelewa kidogo siku za kwanza, kisha ikaacha kuchelewa, kwa kuwa watu watatu waliopumzika hufanya zaidi ya mmoja anayetetemeka.

Sigara ziliachwa tena, mara hii kwa ugomvi, na Akwii aliufurahia ugomvi huo kwa sababu ulikuwa wake. Mikono haikurudi yote. Kidole kidogo cha kulia kilikuwa kimekwenda, na cha jirani yake kilikuwa kinaenda na kurudi. Kijiko kilibaki mezani. Jioni Akwii alikuwa akimwambia Ejoku afumbe macho, anaminya kidole kimoja, anamuuliza ni kipi. Akikosea alimwambia amekosea. Hawakudanganyana tena kuhusu vidole.

Asubuhi moja ya mvua, baridi ikipenya mabati, Akwii aligonga ringi. Omoding akaipokea mashine, Nerima akaondoka kwenye trela akizivua glavu. Ejoku alikuwa tayari kibandani. Alikuwa amekuja mwenyewe, mbele ya madereva, akaketi kando ya Akwii kwenye benchi, akamwekea mikono yote miwili mapajani. "Vimekufa tena hivi vitatu, Mama Cindy." Na Akwii alivisugua, taratibu, bila haraka, akitupa jicho upande wa trela kuhakikisha Nerima ameona.

Nerima alikuwa ameona. Akaketi mwisho wa benchi, upande wa pili wa Ejoku, akajipulizia viganja. Vidole vyake vilikuwa vyeupe hadi katikati. Alijaribu kushika kikombe, kikombe kikayumba, chai ikamwagika kwenye ovaroli. Ejoku aligeuka kumtazama. Aliitoa mikono yake mapajani mwa mkewe, pole pole, bila kufikiri, kama mtu aliyezoea kazi fulani asubuhi za mvua.

Akwii alisimama. Alimzunguka Ejoku, akaja akajikita katikati yao wawili pale kwenye benchi, makalio yakisukuma huku na huku mpaka nafasi ikapatikana. Wivu ulikuwa umemjaa mpaka masikioni. Akaikamata mikono ya Nerima, ya baridi, migumu, mizito kama ya mwanamume, akaiingiza kati ya viganja vyake na kuanza kusugua.

"Lete hapa," akasema. "Nitakusugua mimi, kuliko akusugue huyu."